Mama Shiko Kwenye Mkondo

Mtu akiniuliza nasomea nini, siku hizi najibu "hesabu" halafu nageuza mazungumzo. Zamani nilikuwa najaribu kueleza. Nilikuwa nasema, chukua kitu kigumu kisichopinda, kitie kwenye maji yanayokwenda. Maji yanakisukuma kile kitu, nacho kinayasukuma maji, na maji yakishasukumwa yanabadilisha njia na kurudi kukisukuma upya. Kazi yangu ni kuifundisha kompyuta ifuate ugomvi huo, mara elfu moja kwa kila sekunde, mpaka iseme kile kitu kitaishia wapi. Nikifika hapo, ninayemweleza huwa ameshaangalia simu yake mara tatu.

Ni jirani yangu Omondi peke yake aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho. Omondi anafanya kazi kiwandani Thika, na tunaishi ploti moja ya nyumba za kupanga hapa Mwihoko, mlango wake ukitazamana na wangu. Alisikiliza, akafikiri, akauliza kwa nini nisitupe tu kijiti mtoni nikitazame kinakwenda wapi. Sikumsemesha siku mbili nzima.

Kilichoniuma ni kwamba Dkt. Muriithi, msimamizi wangu chuoni, alikuwa ameniuliza swali hilo hilo mbele ya jopo zima. Nilikuwa nimewaonyesha ubao wangu, ndicho kile kitu changu kigumu, ukielea kwenye skrini, unageuka vizuri, maji yana rangi za kupendeza. Akavua miwani. Akasema kitu ambacho hakijawahi kupimwa kwenye maji ya kweli ni katuni, na yeye hatii sahihi kwenye katuni. Akanipa mpaka Jumanne ya tatu ya Agosti nilete kipimo cha mtoni kinacholingana na kompyuta, la sivyo jina langu liondolewe kwenye orodha ya wanafunzi. Nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili. Nina miaka thelathini na mbili, na mitatu ya mwisho nimeitumia yote kwenye ule ubao. Nilitoka pale nikalia chooni, nikanawa uso, nikarudi nyumbani nikiwa na hasira za kutosha mtaa mzima.

Hapo ndipo Mama Shiko alipobisha mlango.

Mama Shiko ndiye mwenye ploti yetu. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mwenye sauti ya kumwamsha mpangaji wa orofa ya tatu akiwa yeye yuko langoni. Alikulia kwenye kanisa la kunyunyiziwa maji kipajini, lakini miaka minne iliyopita alihamia kwa Pasta Macharia, na kwa Pasta Macharia maji ya kunyunyiza hayahesabiki. Lazima uzamishwe mtoni, mwili mzima. Mama Shiko alikuwa ameahirisha mwaka baada ya mwaka, mara goti, mara presha, mara harusi ya mtu. Mwaka huu visingizio vilimwishia, kwa sababu akina mama walimchagua mwenyekiti wao na mwenyekiti hawezi kuwa hajabatizwa.

"Msichana, nasikia unasomea maji," akasema, akiwa ameshaingia na kuketi.

Nikamwambia nasomea hesabu.

"Hesabu ya maji. Basi nipigie yangu. Hiyo mto itanibeba ama haitanibeba? Huyo pasta umemwona? Mkono yake ni kama mwiko. Nikiteleza atanishika na nini?"

Nilikuwa karibu kumwambia aniache nile ugali wangu. Halafu nikauliza mto wenyewe uko wapi. Akasema ni ule wa nyuma ya shamba la kahawa, ukitoka Ruiru kwenda Juja, pale penye kona na jiwe kubwa katikati. Maji ya kiunoni, mkondo wa wastani, kona moja, jiwe moja. Ningekaa mwezi mzima nikitafuta mahali pa kupimia ubao wangu nisingepata pazuri kuliko hapo, na mlinzi wa shamba alikuwa muumini wa Pasta Macharia. Nikamwambia Mama Shiko nitampigia hesabu.

Nilikwenda kuupima mto Jumamosi mbili mfululizo pamoja na Omondi. Ukitaka kujua mwendo wa maji na huna mashine, unatupa chungwa na kuhesabu sekunde. Nilibeba machungwa ishirini. Omondi alikula manane kabla hatujafika majini, na akasema yaliyobaki yanatosha sayansi. Nilipima kina kwa fimbo, nikapima jiwe, nikagundua pia kwamba baada ya kona, kama hatua hamsini, maji yanashuka kwenye mawe kwa kimo cha mtu mmoja. Hapo sikupapenda.

Nyumbani Mama Shiko alikataa katakata kupigiwa hesabu ya ubao wenye vipimo vya mtu mwingine. Alitaka wa kwake. Alimwita Trizah, fundi wa nguo wa pale langoni, ampime kwa utepe urefu na mabega. Mita moja na sentimita sitini na mbili. Nilipouliza uzito, Trizah alikumbuka ana kazi dukani.

"Andika sabini," Mama Shiko akasema, akiniangalia machoni.

Nikaandika sabini. Fundi wa mbao akanichongea ubao wa urefu ule ule na upana ule ule, na kompyuta ikakesha nao siku tatu. Jibu lake lilinishangaza hata mimi. Mtu yeyote angekwambia kinachoelea pale kitapita upande wa kulia, penye maji ya haraka, na machungwa yote yalipita huko. Kompyuta ikasema sivyo. Kitu kirefu, ncha yake moja huwa kwenye maji ya haraka na nyingine kwenye maji ya polepole, na hapo ni kama watu wawili wanaobeba kitanda, mmoja ana haraka na mwenzake hana. Kitanda lazima kigeuke. Ubao wangu ungefika karibu na jiwe, ungegeuka, na maji ya nyuma ya jiwe yangeuvuta kushoto mpaka kwenye kidimbwi kilichotulia. Nilipanga kuujaribu Jumapili ile ile ya ubatizo, ibada ikiisha.

Mama Shiko hakujali kitanda wala kidimbwi. Kila jioni alikuja kuuliza kama atabebwa. Nilimweleza mara tano kwamba mtu aliyevaa kanzu hataelea, atazama vizuri na kuinuliwa, na mto wenyewe hauna nguvu ya kumng'oa. Mara ya sita, sufuria ikiungua, nikamwambia cha muhimu asijikunje wala asipige mateke, akae kama ubao.

"Nikikaa hivyo?"

"Ukikaa ngumu, maji haina la kukufanya."

Hilo lilimtosha. Akaenda zake, na usiku ule nikala kwa amani.

Jumapili ilikuwa na ile baridi ya Agosti ya huku, ukungu mpaka saa nne, watu wanapumua moshi. Waumini kama arobaini walijipanga kwenye ukingo wa kulia, kwaya mbele. Mimi nilikuwa nimeshachomeka vijiti tisa vyekundu kwenye maji ya kando, kila baada ya mita tano, na simu yangu iko juu ya stendi kwenye mwamba, inarekodi kabisa nisije nikasahau kuiwasha zamu ya ubao ikifika. Nilimweka Omondi ailinde. Nilimwambia hata mbingu ikianguka asiondoke pale wala asiiguse ile simu.

Mama Shiko alikuwa wa kwanza. Alitelemka kwenye maji na kanzu yake nyeupe, mikono imepishanishwa kifuani, na nikaona ameongezeka kuliko utepe wa Trizah ulivyosema. Lakini hilo si jambo la kumuuliza mwenye nyumba wako. Pasta Macharia akamshika mgongoni na kifuani, akatamka maneno yake, akamlaza nyuma.

Hakuzama. Miguu ilipanda, mgongo ukalala juu ya maji, na kifua kikabaki kikavu kabisa. Pasta akatamka tena kwa sauti kubwa zaidi na kubonyeza. Kifua kikashuka kidogo, kikarudi. Mara ya tatu pasta wa watu alimwegemea kwa mwili wake wote, jinsi mtu anavyofunga sanduku lililojaa, na jiwe alilokanyaga likamponyoka. Akaingia mtoni yeye. Mama Shiko akaachwa juu ya maji, na maji yakaanza safari naye.

Alikwenda bila haraka, miguu mbele, macho amefumba, vidole vya miguu vikitazama mbinguni. Hakutingisa hata ukope. Kwaya, kwa kuwa hakuna aliyeiambia inyamaze, ikaingia ubeti wa pili.

Halafu Gathoni wa sauti ya kwanza akaelewa anachokiona na kupiga nduru, na watu wote wakakimbia kwa mkupuo mmoja kufuata ukingo wa kulia, kuelekea kwenye maji ya haraka, ili wamdake pale. Ndivyo hata mimi ningefanya kama sikuwa na ile kompyuta. Nami nilikuwa nimeshavua viatu. Nikaukata mto pale juu, penye maji ya magoti, nikatokea upande wa kushoto na kukimbia peke yangu kwenye matope. Nilimsikia Gathoni akipaza sauti kwamba mwenye hesabu anatoroka.

Nilisimama nyuma ya jiwe, maji yamenifika mapajani, baridi imeniuma mpaka mifupa, nikageuka. Sijawahi kuogopa vile. Mama Shiko alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye maji ya haraka, upande wa kulia, upande wa machungwa yote. Nyuma ya kona nilisikia maji yakishuka kwenye yale mawe. Nikajiambia Dkt. Muriithi alisema kweli, nilikuwa nachora katuni, miaka mitatu nachora, na sasa nimemuua mama wa watu kwa michoro.

Kisha kisigino chake kikaingia kwenye maji ya polepole kando ya jiwe. Kikasita. Kichwa hakikusita, kikaendelea kuzunguka nje, taratibu, mpaka Mama Shiko akalala kukingama mto mzima kama kizuizi cha barabarani. Akageuka tena kidogo. Kisha maji ya nyuma ya jiwe yakamvuta kushoto, kichwa mbele, na akaja kuligonga paja langu kwa upole kabisa, kama mtu anayebisha hodi.

Nilimkumbatia. Chini ya kanzu nikahisi kitu kinalia fwaa, fwaa.

Akafungua jicho moja. "Pasta amemaliza?"

Nilikuwa nalia na kucheka, na meno yanagongana. Nilimburuta mpaka kwenye majani, nikauliza ni nini hiki amevaa ndani.

"Ni ile koti ya kuvimba Shiko alinitumia kutoka Canada. Na sweta mbili. Kwani ulitaka heho iniue? Mimi sikuwa naogopa kubatizwa, nilikuwa naogopa baridi."

Kwa hiyo siku zote zile nilizokaa nikimpigia hesabu ya mkondo, mwenzangu alikuwa akipanga kujikinga na homa ya mapafu. Kila mama wa huku anajua kwamba kinachoua watu Agosti si mto, ni kutoka nje bila sweta. Mimi wa Kimilili, kule magharibi, ningejuaje.

Watu walifika wakiwa wamezunguka kwa daraja la magogo, wakahema, wakamsifu Mungu, na wachache wakanisifu mimi. Pasta Macharia, amelowa chapachapa, alisema kwa masikitiko kwamba uso na kifua havikuzama, kwa hiyo kazi haijakamilika. Mama Shiko akamwambia yeye ameingia mtoni, ametoka mtoni, na kama kuna aliyezamishwa kuliko pasta mwenyewe aonyeshwe. Mjadala ule unaendelea hadi leo. Mtu mwenye akili akasema mama atetemeke kidogo kidogo wakati moto unawashwa, na moto ukawashwa mzuri sana, wa kuni kavu. Niliota moto pale kwa raha mpaka nilipoangalia vizuri kinachowaka. Ulikuwa ubao wangu.

Sikupiga kelele. Nilikaa tu chini. Ilikuwa Jumapili saa sita, jopo ni Jumanne asubuhi, na fundi wa mbao alikuwa ameniambia anasafiri kwenda matangani Murang'a. Omondi akaja kuketi karibu nami. Akasema anaomba msamaha kwamba hakuja kusaidia, lakini si nilimwambia asiondoke hata mbingu ikianguka. Alikuwa amekaa na simu muda wote. Akaniuliza kama naweza kuizima sasa, maana betri inaisha.

Nikaichukua ile simu. Mama Shiko alikuwa mle ndani, tangu mkono wa pasta mpaka mapajani mwangu, akipita kijiti kimoja baada ya kingine, na sekunde zimeandikwa pembeni.

Mto ulikuwa umeshaingizwa, kwa hiyo siku tatu hazikuhitajika tena; Jumatatu nilimwingiza kwenye kompyuta pamoja na koti lake, na kompyuta ikakataa. Ilimpitisha mbali na jiwe kwa zaidi ya mita moja. Nilikagua kila kitu, kisha nikashuka ngazi nikamweleza Mama Shiko kwa heshima zote kwamba sabini haiendi. Nikasema kompyuta yenyewe inapendekeza tisini na nne. Alitazama kalenda ukutani kwa muda mrefu.

"Tisini na tatu," akasema. "Na hiyo video hakuna mtu ataiona kama mimi siko hapo."

Kwa hiyo Jumanne Mama Shiko aliingia nami kwenye chumba cha jopo, na lile koti, na mkoba mapajani. Dkt. Muriithi alimtazama, akanitazama mimi, akasema tuendelee. Niliweka video upande mmoja wa ukuta na kompyuta upande wa pili. Mama Shiko wa kweli akaondoka, na Mama Shiko wa rangi za kijani akaondoka naye. Walipita kijiti cha kwanza pamoja. Cha nne pamoja. Walikawia kwenye jiwe pamoja, wakageuka pamoja, na pale mwisho walitofautiana kwa upana wa kiganja. Mjumbe mmoja wa jopo alikuwa ameziba mdomo na leso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Dkt. Muriithi hakucheka. Alivua miwani, na nilijua ile miwani ikivuliwa kinafuata nini. Akasema hesabu yangu yote imesimama juu ya jambo moja, kwamba kile kitu hakipindi. Mbao hazipindi, lakini hii si mbao, huyu ni binadamu. Kama alijikunja hata goti moja, basi haya ni mambo mawili yaliyofanana kwa bahati. Je, nina ushahidi gani?

Sikuwa na ushahidi. Chini ya maji simu haioni.

"Niulize mimi," Mama Shiko akasema kutoka nyuma.

Dkt. Muriithi akageuka polepole. Akamuuliza, kwa adabu, kama alitingisika.

"Sikutingisika."

"Mama, maji yalikuwa yanakubeba. Mtu yeyote angetingisika. Umejuaje hukutingisika?"

"Huyu msichana aliniambia nikikaa ngumu maji haina la kunifanya. Niko na wajukuu watano, daktari. Wewe ungekunja goti?"

Mimi nilitazama viatu vyangu. Maneno yale nilimwambia ili aniachie mlango nile, na yeye aliyabeba mpaka mtoni akalalia juu yake, macho amefumba, hali maji yanamchukua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuionea hesabu yoyote niliyokosea.

Dkt. Muriithi aliirudisha video nyuma. Aliisimamisha pale watu wote arobaini wanapokimbia kulia, na kitu kimoja kidogo, pembeni kabisa mwa picha, kinavuka mto kwenda kushoto. Akakitazama, akanigeukia.

"Na wewe? Kila mtu alikwenda kule. Kwa nini ulikwenda huku?"

Nilikuwa na slaidi ya swali kama hilo, yenye mishale na alama zake zote. Sikuitafuta.

"Ndiko alikokuwa anakwenda," nikasema.

Dkt. Muriithi akavuta karatasi ya sahihi iliyokuwa mezani tangu asubuhi, akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa koti, akawauliza wenzake kama kuna mwenye kalamu. Siku hizi maprofesa hawabebi kalamu. Mama Shiko akafungua mkoba, akaenda mbele akampa ya kwake, na akasimama pale pale, mkono ameunyoosha, mpaka daktari alipotia sahihi na kumrudishia.